Mvua Gani ya Julai, Baba?

Baba,

Huko uliko najua hakuna bati la kubishania, kwa hiyo leo utanisikiliza bila kunikatiza.

Dari ya chumba cha mama imeanguka. Ubao mzima, juu ya kitanda, Jumapili saa ya ibada. Angekuwa amelala, leo ningekuwa naandika barua mbili.

Na nilikwambia! Ulipoziba yale matundu sita ya hewa chini ya paa kwa mifuko ya saruji, eti baridi ya Uyole inapitia humo, na popo, nilikwambia: mvuke wa jikoni na pumzi za watu hupanda darini. Ukikosa pa kutokea, unakutana na bati la baridi, unageuka maji, unarudi chini. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Huyu na kuku wake! Kwani watu na kuku ni mamoja?"

Ndiyo, Baba, mamoja. Banda langu la kwanza kule Kalenga lilizibwa hivyo hivyo. Asubuhi maranda ya kulalia kuku yamelowa chapachapa, kuku wanakoroma kwa mafua. Nikatoboa juu pande zote mbili, hewa iingie huku itokee kule. Leo kuku wangu mia nne wanapumua vizuri kuliko mama yangu.

Wewe kila mwaka ulipanda na kopo la lami kuziba misumari. "Bati linavuja." Linavuja nini, Baba? Julai Uyole ni vumbi tupu, mbingu kavu, na dari inadondosha! Mvua gani ya Julai? Swali hilo umekufa hujanijibu.

Baada ya mazishi nikasema sasa nitafungua. Thubutu! Baba mdogo akasimama mlangoni: "Nyumba ya marehemu haiguswi mpaka ibada ya mwaka." Mama naye: "Baba yako alisema yasifunguliwe." Ulipokuwa hai ulibisha peke yako. Umekufa, umepata na wasaidizi.

Basi dari ilipoanguka sikuomba ruhusa. Nilipanda. Kenchi, mbao ya kubeba bati, iliyo juu ya kitanda cha mama nikaichoma na msumari, ukazama kama kwenye parachichi lililoiva. Baba mdogo chini anafoka, "Shuka, we mtoto wa kike!" Nikamdondoshea mfuko wa saruji uliooza miguuni, akaruka nyuma. Nikatoa mmoja mmoja. Tundu la sita, la upande wa mama, halikuwa na mfuko.

Lilikuwa na koti lako.

Lile la sufu, ulilosema limeibwa stendi ya Igawa. Mama alikusema mwezi mzima, nawe ukaipitisha Juni yote na shati tu, umejikunja jikoni kwenye mafiga.

Baba. Kweli? Si ungemnunulia blanketi tu!

Nililia kule juu, na hasira haikuisha. Nilipolishusha, mama alilinusa, ukungu mtupu. Akasema, "Mzee huyu." Kisha: "Yaache wazi."

Kwaheri basi. Kenchi nabadilisha kabla ya mvua. Matundu nayawekea wavu wa popo, na nikiwa hai hayazibwi. Mama ana mablanketi mawili mazito. Baridi haitamgusa, hilo niachie mimi. Koti nimelifua, liko kambani nyuma ya nyumba, linapigwa upepo.

Lala salama, Baba. Na huko uliko, nakuomba, usizibe kitu.

Binti yako,
Tumaini