Mama Alivyokuona Kwenye Kompyuta ya Ansbert

Kwa Bi Mwanaasha,
Nyuma ya Soko la Tandika,
Temeke, Dar es Salaam.
17 Novemba, 1999.

Mpendwa mdogo wangu Mfaume,

Assalaam aleikum. Hujambo lakini? Safari hii sikuulizi kwa sababu barua huanza hivyo. Nakuuliza na nataka unijibu. Unakula? Unalala? Baridi ya huko Ubelgiji najua imeshaanza, na lile koti ulilosema linakubana mabegani, umepata jingine?

Sie huku wazima kwa uwezo wa Mola. Vuli imeanza kidogokidogo, na njia ya kuingilia kwetu imeshakuwa tope kama kawaida yake. Dada yako Naima kajifungua salama kule Boko, mtoto wa kike, wamempa jina la mama. Mama mwenyewe presha yake ilikuwa imetulia, ila wiki hizi mbili imepanda tena. Sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Ukimya wako umetuchosha, Mfaume. Tangu Maulidi hatujaona barua wala kusikia simu. Nilikuwaga nikipita dukani kwa Mpemba, ananiita kabla sijafika: "Mdogo wako kapiga." Siku hizi akiniona anatikisa kichwa tu, namie napitiliza.

Na ukimya hapa Tandika haukai mtupu, watu huujaza. Bi Tabu wa nyumba ya pili, yeye ndiye wa kwanza. Alisema kwenye arusi moja huko Kiwalani kwamba wewe mpira huchezi, na hukuwahi kuucheza, kwamba unachuma nyanya kwenye mashamba ya Wazungu. Mwingine akadakia kuwa kasikia uko ndani, umefungwa. Mama alikuwa amekaa nyuma yao, kayasikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo hajatia mguu arusini. Akialikwa anatoa tunzo lake, ananituma mimi, anarudi ndani.

Sasa Twalib, yule mwenzio wa kucheza mpira wa chandimu mtaani, siku hizi anakwenda Dubai kuchukua redio na vipuri. Mwezi uliopita karudi, na kabla hajafika kwao kaja kwetu na begi mkononi. Akasema ameona dukani huko gemu la mpira la kompyuta, lina timu za Ulaya tele, na za Ubelgiji zimo. Akaitafuta klabu yako akaipata, akafungua orodha ya wachezaji, wewe umo. Kainunua ile sidii papo hapo.

Mama akamwuliza, "Jina lake ndiyo limo, au yeye?"

Twalib akasema, "Yeye, mama. Anakimbia, anapiga mpira, kila kitu."

Mama akasema, "Basi nionyesheni mwanangu."

Kompyuta mtaani kwetu ni ya mtu mmoja tu. Sijui kama nilishakwambia juu ya Ansbert, mpangaji wetu wa chumba cha uani, kijana wa Bukoba, karani kwenye ofisi moja ya mizigo bandarini. Ofisi yao ilipoleta mashine mpya, yeye akapewa moja ya zile kuukuu. Ni kompyuta ya kukunja, wanaiita laptopu, nzito kama jiwe la kusagia, na betri yake ilishakufa, kwa hiyo haiwezi kukaa mbali na soketi. Huitumia kuchapa nyimbo za kwaya yao.

Ansbert alisoma maandishi ya nyuma ya lile kasha la gemu, nikamwona uso unabadilika. Akaniambia pembeni, "Sista Tunu, mashine hii ni ya kuandikia. Gemu hili linataka kumbukumbu mara mbili ya iliyomo humu, halafu linataka na kadi ya picha, ambayo hii haina kabisa. Huenda lisifunguke. Tutajaribu, ila mama asiambiwe kwanza."

Wakati anasema hivyo, mama alikuwa tayari ukutani anaongea na Bi Tabu upande wa pili. Nilimsikia: "Jumapili baada ya alasiri uje, umwone mchuma nyanya."

Mdogo wangu, wiki ile sitaisahau. Kila jioni Ansbert akirudi kazini anaingia na Twalib chumbani, namie nasimama mlangoni. Kwanza gemu lilikataa hata kuingia, mashine imejaa. Ansbert akatoa nyimbo zake zote za kwaya akazihamishia kwenye diski. Likaingia. Tukalifungua, ukapigwa muziki mzuri, kioo kikawa cheusi, basi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu uwanja ukaonekana, ila wachezaji walikuwa kama mchanga uliomwagwa kwenye majani. Ansbert akaanza kupunguza vitu. Akaondoa watazamaji, akaondoa vivuli vya watu, akaondoa sauti ya mtangazaji, akaipunguza picha mpaka ikawa ukubwa wa bahasha ya barua, katikati ya kioo cheusi. Hapo ndipo wakaanza kuonekana watu, na hata hivyo hawaendi sawa. Wanakwenda, wanaganda, wanakwenda.

Mie nilikuwa nasali, na katikati ya sijida nafikiria kumbukumbu ya kompyuta. Mungu anisamehe. Niliogopa isifunguke mbele ya Bi Tabu, maana neno lake lingekuwa moja: hata kompyuta imemkana. Na niliogopa jingine, ambalo sikumwambia mtu. Ansbert alikuwa amenieleza kwamba majina yaliyomo ni ya msimu uliopita. Kwa hiyo hata ungeonekana umo, ningekuwa nimejua ulipokuwa mwaka jana. Ulipo sasa nisingepajua.

Jumapili ikafika, na umeme haukukatika. Tukaiweka mashine juu ya meza sebuleni, Twalib akaisogezea feni ya mama maana huchemka. Mama kavaa kanga zake za Idd. Bi Tabu kaja mapema, kakaa mbele, mikono kifuani.

Ansbert akafungua orodha. Unajua mama kusoma kwake ni kwa kisomo cha watu wazima. Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, akashuka jina kwa jina, hatukumsaidia. Alipofika karibu na chini akasimama. Akasoma polepole jina la baba, "Ki-bwa-na." Akarudia. Kisha akamgeukia Bi Tabu, akarudi kukaa.

Bi Tabu naye akasogea akatazama. Akauliza, kwa adabu kwa kweli, "Mbona yuko na hawa wa chini?"

Twalib akamwambia, "Hao ni wa akiba, shangazi. Ngoja nimwingize."

Mechi ikaanza, Twalib akamtoa mmoja akakuingiza wewe. Mfaume, uso hauna, ni doa la kahawia tu, lakini mgongoni namba yako ipo, na wamekufanya mwembamba vilevile. Ukaenda hatua mbili ukaganda. Ukaenda tena, ukaganda. Wote uwanjani walikuwa hivyo, hata mwamuzi. Twalib akakupa mpira, ukaukimbiza pembeni kwa kushtukashtuka, na sie wengine tukaanza kucheka kwa furaha. Mama hakucheka.

Akasema, "Anachechemea."

Ansbert akamwambia, "Hapana mama, ni mashine hii. Ndogo, imezidiwa. Waangalie na wenzake, wote wako hivyo."

Mama akajibu, "Wenzake siwajui wanavyokimbia. Huyu namjua."

Mimi nikajaribu, nikamweleza habari ya kumbukumbu na kadi kama nilivyosikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, macho yake yako kwenye ile picha ndogo. Kisha akamwambia Twalib, "Mtoe, baba. Mpumzishe."

Twalib akakutoa. Mashine ikaganda palepale na haikuamka tena siku ile. Tukabaki tunatazama uwanja mdogo wa kijani, wewe haumo.

Nilitegemea Bi Tabu atoe kicheko chake. Badala yake alimshika mama mkono, akasema, "Mwanao nimemwona, Mwanaasha. Nisamehe maneno yangu." Wakalia pamoja, na mie nikaenda kuweka maji ya chai.

Ungedhani yameisha. Lakini Bi Tabu ni Bi Tabu. Jumatatu asubuhi mtaa mzima ulishajua kwamba Mfaume yuko kwenye kompyuta, kweli ni mchezaji, ila kaumia mguu. Watu wakaanza kuja kutoa pole. Muuza chapati kaja. Imamu kaja na dua. Mama anawapokea, anawakalisha, anaitikia, "Tumeshapoa." Hebu fikiria hali yangu, nakaa humo naitikia pole za mguu ambao sijui kama unauma.

Juzi sikuvumilia. Nikaenda mjini kwenye nyumba ya simu na ile namba uliyotuachia. Akapokea mwanamume, Kiingereza chake na changu vyote vya kubahatisha. Nikamtajia jina lako. Akasema umekwenda kwa daktari, utarudi jioni. Nikamwuliza daktari wa nini, umepatwa na nini, lini. Akaanza kueleza, na kadi ya simu ikaisha.

Nilirudi Temeke sijui nilivyorudi. Mama nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwambia hukuwepo, na huo si uongo.

Hakuinua macho. Akauliza, "Kaenda kwa daktari?"

Nikaketi kando yake. Akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama ulinyamaza ili usimtie mama wasiwasi, ujue wasiwasi anao tayari, na amekutangulia. Kama ni mafua, tuandikie ni mafua, tucheke. Kama ni goti, andika goti. Kama klabu imekuacha, liandike na hilo, usikae nalo peke yako kwenye chumba cha ugenini. Mie sina la kukulaumu, nina hofu tu, na hofu ya kutojua ndiyo inayonikosesha usingizi.

Twalib anakusalimu sana. Ansbert hamjaonana, lakini anakusalimu na anaomba nikuandikie kwamba kosa lilikuwa la mashine. Kila anaponiona ananirudia hilo. Naima na mumewe wanakusalimu. Bi Tabu kaleta chupa ya mafuta ya nyonyo ya kukuchulia, nimemwambia Posta hawapokei chupa, kaninunia.

Mola akulinde huko uliko, akupe afya, na akurudishe kwetu salama, ukiwa na mpira au huna.

Salamu za mwisho ni za mama. Alinisimamisha jana nikiwa natafuta kalamu, na ninaziandika kama alivyozisema: "Mwambie mie sikuzaa miguu. Nilizaa mtu."

Ni mie dada yako nikupendaye, nakaa nasubiri mwandiko wako,

Tunu