Vibao vya Gia Nyuma ya Usukani

Kaka, nimeumbuka! Nimejifungia ndani ya gari hapa nje ya gereji, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unajua ubishi wangu na shemeji kuhusu vile vibao vya kubadilishia gia nyuma ya usukani? Vyake vinazunguka pamoja na usukani, vyangu vinabaki palepale. Leo nimemhutubia saa nzima hapa gereji mbele ya wenzetu wote wenye magari ya spoti. Nikasema, "Dereva wa kweli anataka kibao kisichohamahama. Mimi nikikigusa tu, gari linaitika, nalihisi mgongoni!"

Fundi aliyekuwa analikagua gari langu akachomoa kichwa kutoka chini ya usukani. "Bosi, hivi vibao havijaunganishwa."

"Tangu lini?"

"Waya haujawahi kuchomekwa. Ulivyolinunua ndivyo lilivyo."

HAUJAWAHI, kaka! Miaka miwili nabonyeza! Kumbe gari lilikuwa linajibadilishia gia lenyewe, linanistahi tu.

Shemeji hakucheka. Bora angecheka. Alinishika bega akasema, "Pole sana, shem," utadhani nimefiwa.

Sasa hivi fundi amenifuata dirishani, anauliza kama auchomeke ule waya. Nimemwambia auache hivyohivyo. Nikianza kubadilisha gia kweli, nitagonga watu.