Mahali Alipozaliwa Mama

Jumanne, 5 Agosti 2025

Frida kapiga simu. Anaolewa! Tarehe thelathini, Jumamosi, hukohuko Rumonge, Burundi. Nimepiga kelele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna msiba.

Mtoto wa kaka yangu. Nathaniel angekuwepo, mwezi huu asingekalika, angezunguka Rumonge nzima anachagua ng'ombe. Hayupo, mwaka wa pili sasa. Kwa hiyo kiti chake ni changu. Shangazi ndiye husimama upande wa baba, humshika binti mkono na kumtoa mlangoni. Mwingine hakuna, baba yetu alituacha wawili tu. Frida, anayeniita Masenge, yaani shangazi, kasema mara tatu: Masenge, usipokuja nitatolewa na wajomba, watu watasema baba yangu aliokotwa. Nikamwambia nakuja. Akaanza kulia, salio likaisha.

Nimeahidi kirahisi hivyo kwa sababu kila mtu anasema Burundi hakuna viza. Kweli hakuna. Lakini mimi ndiye yuleyule niliyekwenda kumzika kaka yangu na kitambulisho cha taifa kwenye pochi, eti Jumuiya ni moja! Mpakani Manyovu wakanirudisha. Kwa adabu, lakini wakanirudisha. Wakati Nathaniel anafukiwa mimi nilikuwa kwenye benchi la upande huu. Siku ile niliapa kushughulikia pasi. Miaka miwili imepita. Honorata, wewe ni wa kuchapwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeulizia. Naandika hapa maana barabarani kila mtu ana sheria yake. Viza hakuna — hilo tu ndilo wote wanakubaliana. Pasi iwepo, au hati ya dharura ya safari moja, inayotoka haraka zaidi. Kadi ya manjano nayo iwepo, ya homa ya manjano, na sindano haihesabiki mpaka zipite siku kumi. Mpakani nitaulizwa nakwenda kwa nani na narudi lini. Na kwa kuwa ni mtumishi wa umma, kibali cha mwajiri. Siku tatu za kwenda kumtoa mtoto mlangoni, kibali!

Binamu yangu Gasper, anayepeleka abiria Manyovu kila siku, kacheka mpaka akashika usukani. Dada Nora, Burundi si hapo tu! Panda boti Kagunga, pita ziwani, unashukia uani kwa watu. Nikamkumbusha kwamba nafundisha Uraia na Maadili, darasa la tano. Akacheka zaidi. Yeye hana kazi ya kupoteza, mimi ninayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Ofisi zote zimefungwa. Wakulima hongereni. Mimi zimebaki siku ishirini na mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Sindano nimechoma. Kadi itaanza kufanya kazi tarehe ishirini na moja, nesi kaiandika kwa kalamu nyekundu. Mkono unauma.

Steshenari nimejaziwa fomu ya pasi. Jina. Jina la baba, tarehe ya kufariki. Mahali alipozaliwa mama? Dada wa kompyuta aliuliza bila kuniangalia, nami nikajibu bila kufikiri: Kalinzi. Kwetu ni Kalinzi, ningejibu nini kingine? Nyumba ipo, kahawa ipo, makaburi yapo.

Dirishani Uhamiaji wamepokea. Mama hana cheti cha kuzaliwa — nani wa umri wake anacho? — kwa hiyo afande kaomba aje mwenyewe Alhamisi, mazungumzo mafupi. Ana sura ya upole. Anaitwa Mudathir, ametokea Tanga, hapa hajamaliza hata mwaka.

Alhamisi, 14 Agosti

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Mama kajipamba kama anakwenda kumuona askofu. Kitenge kipya, viatu vya Pasaka. Kaingia, kamwita afande "mwana wanje", yaani mwanangu, kamuuliza kama huku kwetu anapata chakula anachokipenda. Kijana wa watu kafurahi. Kisha akauliza: Bibi, ulizaliwa wapi?

"Nyanza-Lac, mwana wanje. Mimi ni uzazi wa kwanza."

Hivyo tu! Na kwa Mama jibu limekamilika. Mtu yeyote wa huku angelielewa. Mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao, akajifungulie kwa mama yake. Nyanya yangu alikuwa ametoka Nyanza-Lac, ng'ambo ya mpaka, akaolewa Kalinzi, ilipofika miezi minane akarudi Nyanza-Lac. Kajifungua, kakaa miezi mitatu, kamfunga mtoto mgongoni, karudi kwa mumewe. Miezi mitatu katika miaka sabini na tisa!

Afande Mudathir aliweka kalamu chini. Kwa hiyo, Bibi, wewe ni mzaliwa wa Burundi?

Mama akamshangaa. "Hapana. Nimezaliwa kwa bibi yangu."

Fomu inasema Kalinzi, mwenye kuzaliwa anasema Nyanza-Lac. Faili limewekwa pembeni, eti uraia wetu una maswali. Nikauliza vipi kuhusu hati ya dharura. Maswali yake ni yaleyale, kasema. Nilete barua ya mtendaji wa kijiji kuhusu wazazi wa Mama.

Njiani sikumsemesha. Tulipofika Buzebazeba akauliza, nimekosea nini? Nikamjibu vibaya. Nilisema: si ungenyamaza tu! Mimi, kwa mama yangu, barabarani, watu wakisikia. Amekula kidogo sana jioni hii.

Jumatatu, 18 Agosti

Kalinzi na kurudi kwa bodaboda. Mgongo sina. Mtendaji, Bariki, alinifundisha miezi miwili ya mazoezi ya ualimu — hapana, mimi ndiye niliyemfundisha yeye, nimechoka hadi nageuza maneno. Kanisimamia vizuri. Kaita wazee wawili, wakathibitisha babu yangu, shamba, kila kitu. Barua ikaandikwa, mhuri ukagongwa, nikashukuru, nikaondoka.

Nimeisoma nilipofika nyumbani. "Bibi Yunisi, mzaliwa wa kijiji hiki." Bariki! Ndivyo barua zao zote zinavyoanza, mkono unaandika wenyewe. Kupanda tena siwezi. Na sikupenda wazo lililonijia hapohapo, kwamba afadhali, inalingana na fomu.

Jumatano, 20 Agosti

Haikuwa afadhali. Afande kaweka karatasi mbili mbele yangu, maelezo ya Mama na barua ya kijiji. Mwalimu, kasema, mwanafunzi mmoja akikuletea majibu mawili, unasahihisha lipi?

Anataka hati ya kiapo ya Mama, mbele ya wakili. Nikamuuliza wazi. Kikisema Kalinzi? Basi kinalingana na barua, hati ya dharura naweza kuipata siku hiyohiyo. Kikisema Nyanza-Lac? Hakuna ubaya, kasema, ila faili litapanda juu likahakikiwe, na wiki ngapi hawezi kuahidi. Kisha akaongeza kwamba yeye anasubiri kiapo tu, hatanifundisha kiseme nini. Hata kumchukia siwezi. Angekuwa mkorofi ningepumua.

Alhamisi, 21 Agosti

Kadi ya manjano imeanza kazi leo. Na kibali cha mwajiri kimetoka! Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto unaruhusiwa kuingia Burundi, na mwajiri wangu ameridhia. Mimi mwenyewe bado.

Jumamosi, 23 Agosti

Gasper kapita kunywa chai. Nikamweleza. Hakucheka safari hii. Kasema, Shangazi, yaani Mama, aseme Kalinzi, ni dakika tano, nani anaumia? Nikamfokea, nikamwambia akalale kwake. Kaondoka bila kumaliza chai.

Nikaosha vikombe. Nikakaa. Nikamwona Frida anatoka mlangoni katikati ya wajomba zake, na upande wa baba yake hakuna mtu. Si mtu hata mmoja! Msibani sikuwepo, harusini nisiwepo?

Mama alikuwa uani anachambua dagaa. Nikachuchumaa karibu yake, nikamwambia. Kwa wakili, Mama, sema Kalinzi.

Aliendelea kuchambua. Ndiyo kwetu, nikasema, si uongo hasa. Akatupa kichwa cha dagaa pembeni.

"Na mama yangu, niseme siku hiyo alikuwa wapi?"

Nimeingia ndani.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisani tumekaa benchi moja, yeye mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule. Tukirudi kasema, nitakwenda. Hilo tu. Sikuuliza atakwenda kusema nini. Niliogopa kuuliza.

Jumanne, 26 Agosti

Wakili Elikana yuko mahakamani Kasulu. Karani kasema njooni Alhamisi. Alhamisi! Nikamwambia harusi ni Jumamosi, naye akanipa pole na kuendelea kupiga mihuri. Mama alikuwa amevaa tena vile viatu, vinambana, tumerudi naye taratibu.

Frida kapiga. Vazi langu la kumtolea limeshashonwa, kanitumia picha, la kijani. Masenge, Ijumaa saa ngapi nikupokee? Nikamwambia jioni. Nimesema kwa sauti ya mtu mwenye hati mfukoni.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya wakili. Saa nane na nusu mchana. Afande Mudathir atakuwa dirishani mpaka saa tisa na nusu, kaniahidi kwa simu. Gasper amepaki ng'ambo ya barabara. Nilimwomba radhi, kaja. Kama yote yakienda sawa, kesho alfajiri Manyovu, jioni Rumonge.

Karani alikuwa amechapa kiapo tangu asubuhi akifuata ile barua ya kijiji. Nimekiona. "Kwamba mimi nilizaliwa katika kijiji cha Kalinzi." Sikumsahihisha. Nimesoma mpaka mwisho, nikamrudishia, nikasema kiko sawa. Mwalimu wa Maadili.

Kisha wakili akaniomba nitoke. Kiapo ni cha mama yako, si chako, kasema, nataka anisikie peke yake. Mlango wa mbao, juu una uwazi, kila neno linatoka.

Anamsomea. Anasoma polepole, vizuri, anamweleza na maana. Akiapa uongo ni kosa, anajua? Mama anasema anajua. Amefika kwenye Kalinzi.

Mama anakohoa. Anauliza kama binti yake yupo karibu. Yupo nje, Mama. Anauliza kama harusi ya mjukuu wake inaweza kusogezwa. Wakili anasema hilo hana uwezo nalo. Mungu wangu, nimeuma kalamu.

"Basi hapo futa, mwanangu."

Kasema. Namsikia anaeleza, bila kuinua sauti. Kwamba mama yake alitembea siku mbili na tumbo kubwa. Kwamba mvua iliwakuta njiani, yeye na wifi yake, wakalala kwa watu wasiowajua, wakapewa uji. Haya yote ni mapya kwangu. Miaka arobaini na minne naishi naye na sikuwahi kuuliza! Nina hasira — naye, na fomu, na Bariki, na zaidi na mimi mwenyewe — na wakati huohuo nataka aendelee, asinyamaze.

Saa nane na dakika hamsini. Gasper ananionyesha saa yake kutoka garini. Natikisa kichwa. Hajaelewa, anainua dole gumba.

Kwa hiyo Jumamosi ni wajomba. Frida atatoka na wajomba. Nani atamwambia?

Bado ningeweza kuingia. Kupiga magoti tu, Mama, nakuomba. Angenifanyia, namjua, angenifanyia leo hii na kesho asingeniangalia usoni. Nimesimama mara moja. Nimekaa tena.

Wakili anataka kujua nani aliyempokea mtoto, kiapo kiwe na shahidi wa kutajwa hata kama ni marehemu. Bibi yangu, anasema Mama. Mwenye nyumba. Jina lake? Anataja. Wakili anauliza linaandikwaje, na Mama hajui kusoma, kwa hiyo anamrudishia, kipande kwa kipande, anasubiri kila kipande kiandikwe.

Barampama. Ndilo jina. Sijawahi kulisikia hata siku moja.

Simu inaita. Frida. Gasper amewasha gari. Huko ndani wakili anasema, rudia, Mama, nisije nikakosea, naye anarudia, na mimi nimesimama mlangoni na simu mkononi, bado inaita —