Kompyuta Iliyofunikwa Blanketi

Mjukuu wangu Neema, mke mwenzangu,

Sisi tupo, babu yako anapalilia viazi. Unauliza mbona kompyuta yako inachemka ukiitumia kitandani. Godoro linaziba matundu ya hewa. Iweke mezani.

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, wifi yangu aliletewa kompyuta na mumewe kutoka Makambako. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nikawa nacheka naye, huku wivu unanichoma. Baridi ya Njombe ilipozidi, akaifunika blanketi bila kuizima, eti isipate mafua. Ikaungua. Nilimpa pole, lakini kifua changu hakikupoa; wivu nao nilikuwa nimeufunika vilevile.

Krismasi njoo na hiyo kompyuta yako. Safari hii na mimi nibonyeze.

Bibi yako