Dari la Baraza la Mji

Temeke, Aprili 1950

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Sie wazima, mbuzi wako kazaa pacha, na tanuri langu la chokaa halizimiki.

Lile baraza la mji alilojenga baba kwa mawe ya matumbawe lingali limesimama. Bwana wa serikali alileta vibarua walibomoe, ati dari limeoza, na shahidi wake ni wewe. Nasikia uliahidiwa mawe yake ujengee nyumba huko Tanga.

Alitukuta wanawake thelathini juu, tunapiga dari jipya kwa vijiti lishikamane, kwa chokaa yangu mwenyewe.

"Shukeni!"

"Dari bichi haliachwi, bwana," nikamjibu. "Likiachwa litapasuka. Panda upige, au ngoja tumalize."

Somo yangu Tabu akamrushia kijiti. Vibarua wakacheka, wawili wakapanda kutusaidia.

Juzi mvua ilinyesha kutwa, ndani halikudondoka hata tone. Bwana mwenyewe kaandika jengo libaki.

Unajua wimbo wa kupigia dari hutaka mtu wa kusutwa. Tuliimba jina lako siku tatu, na watoto wa Temeke wanaliimba mpaka leo. Karibu nyumbani, kaka. Ukija, njoo mchana.

Mie nduguyo mchoma chokaa,
Tunu binti Mwishehe