Kioo Kilichoitwa Safi

Jumanne. Rasharasha tangu alfajiri, Ngamiani kote matope. Nina kinyaa, na si cha matope.

Kimeletwa na neno moja tu: safi.

Nafanya kazi maabara ndogo, tunapima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa vinasaba. Tunavitoa kwenye damu, tunavidondosha juu ya kioo kilichopakwa dawa ya kuvinasa, kisha tunaviacha mpaka kesho yake vishike. Vikishika, hata ukiosha haviondoki. Ndipo tunamwagia rangi inayotafuta kasoro ya selimundu peke yake; ikiikuta, doa linang'aa. Pembeni huwa tunaweka vinasaba vya mgonjwa tunayemjua. Doa lake lisipong'aa, kioo hicho hakina la kusema.

Jana Bi Mwanasiti alikuja kutoka Moa kuchukua majibu ya mwanawe wa miezi mitano. Wa kwanza alimzika kwa selimundu. Huyu hata akika hajamfanyia, anaogopa kumfurahia. Nikafungua daftari. Rashidi, mkuu wetu, alikuwa ameandika "safi". Nikamwambia, "Safi, mama."

Alilia. Akanishika mikono: "Mwanangu, Ijumaa namchinjia mbuzi. Nawe uje." Akaniachia kopo la vitumbua.

Kioo chenyewe sikukiangalia.

Nimekiangalia leo, kitumbua kikiwa mdomoni. Hakuna doa hata moja, hata la yule mgonjwa wetu. Nikauliza wenzangu, nikaambiwa: Rashidi alikuwa anawahi harusi Usagara, akakiosha baada ya saa moja tu. Vinasaba vyote vilikwenda na maji. Akaona kioo cheupe, akaandika safi. Na kweli kilikuwa safi, kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Nikakitema kitumbua kwenye sinki.

Nilipomwambia Rashidi, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Wewe dada nawe! Mtoto akiumwa si atarudi?"

Ati si atarudi! Nilimtazama na lile koti lake jeupe lililopigwa pasi. Sijui nitakaaje tena meza moja na mtu yule.

Ila nisijifanye malaika. Yeye aliandika tu. Aliyemwambia mama wa watu ni mimi, na nilivyopenda kuonekana mleta habari njema!

Kesho asubuhi naenda Moa na vifaa vya kutoa damu upya, Rashidi apende asipende. Lazima nifike kabla mbuzi hajachinjwa. Sitamwambia mtoto anaumwa, kwa sababu sijui. Nitamwambia sijui. Ndilo jibu nililopaswa kumpa jana.

Kopo lake nimeshaliosha, liko mezani, bado linanukia iliki. Nyumbani kwetu mama hakuturuhusu kamwe kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu.

Sasa hiki nitakitia nini?