Tulivyoachana Mezani kwa Msuluhishi

Chumba cha juu,
Nyuma ya bekari.
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, zikukute huna homa wala huzuni. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima, ila kikohozi cha unga hunitembelea mara moja moja, nacho tumeshazoeana.

Dada, wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo sitaki habari hii uisikie kwa watu. Mimi na wifi yako tumeachana. Usilie kwanza, soma mpaka mwisho.

Hatukupigana wala kutukanana. Tulinyamaziana tu. Mimi nikirudi alfajiri kutoka bekari, yeye anatoka kwenda zamu yake ya uuguzi wodini, tunapishana ngazini kama wapangaji. Nikikaa peke yangu nakumbuka enzi zile alipokuwa akija dirishani kununua mkate, kisha anarudi muda si mrefu kununua mwingine, nawe ukanitania kwamba binti yule ama ana ukoo mkubwa ama ana lake jambo. Tulicheka sana miaka ile. Sijui kicheko kile kilihama lini nyumbani kwetu, maana hakikuaga.

Tatizo likawa Kasuku, binti yetu. Jina hilo ulimpa wewe kwa ajili ya mdomo wake, nalo likamganda. Kila mmoja wetu alitaka akae naye. Shangazi akataka kuitisha kikao cha ukoo, nikaogopa. Ungekuwapo wewe, ungetuketisha jikoni na kutusikiliza huku ukimenya viazi, kama ulivyofanya tulipogombana mwaka ule wa kwanza. Bila wewe, kila mtu angekuja na hukumu yake mfukoni. Na Kasuku akawa haongei. Mtoto wa kuamsha mtaa mzima, sasa anajibu kwa kichwa.

Ndipo wifi yako akasema twende kwa msuluhishi. Nilidhani ni mahakama ndogo. Kumbe ni chumba chenye meza ya duara, viti vinavyolia ukijisogeza, na mama mmoja wa sauti ya chini. Alitusikiliza kwanza mmoja mmoja, kisha pamoja. Akasema hakuwekwa pale aturudishe wala atuachanishe. Uamuzi ni wetu, kazi yake ni kuona kila mmoja anamaliza maneno yake bila kukatizwa. Ya pale hubaki pale, ila haya nakuandikia kwa ruhusa ya wifi yako.

Mwanzoni tulivutana. Mimi, "mtoto wangu." Yeye, "mtoto wangu." Mpaka yule mama akauliza, "Asubuhi yake huwaje?"

Swali dogo. Nikaeleza kwamba mimi ndiye ninayemsuka, maana vidole vilivyozoea kusokota mikate havishindwi na nywele za mtoto. Wifi yako akainama.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nikimshika kichwa, majirani hudhani namchinja."

Akacheka, nami nikacheka. Tulipomaliza, hakuna aliyekuwa na macho makavu.

Baadaye, kwa ridhaa yetu sote, msuluhishi aliongea na Kasuku peke yake. Mtoto alikuwa na mawili tu: akitoka kwa mmoja asihojiwe na mwingine, na baba aendelee kumsuka. Sisi tulikuwa tunagombania mtoto mzima, kumbe mwenyewe alitaka asubuhi.

Basi tukakubaliana. Kasuku analala kwa mama yake, mimi nikitoka kazini napita kumsuka na kumpeleka shule, na mwisho wa wiki yuko kwangu. Tukishindwana, tutarudi mezani.

Siku ya kwanza nilibisha hodi kwa mke wangu kama mgeni. Kasuku akafungua, akaketi katikati ya magoti yangu, akaanza: mwalimu, jirani, paka wa jirani. Aliongea mpaka getini kwa shule. Sikumkatiza hata mara moja.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu. Shangazi anakusalimu, ingawa bado kaninunia. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Wifi yako naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema, "Mwambie nimeachana na wewe. Yeye sijaachana naye."

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Mwoka mikate